Kununua mashine ya CD Osaka na kurudi nayo Mtwara

Kaka zangu na dada zangu, shikamooni.

Mkataba wangu wa kazi hapa Osaka unakwisha mwezi wa tatu, na nimeamua kurudi nyumbani Shangani moja kwa moja. Ninazo diski zipatazo 400 nilizozikusanya kwa miaka mingi, na ningependa kuondoka na mashine nzuri ya kuzichezea. Dukani nimeonyeshwa mbili zilizokwisha kutumika, na bei zake zimekaribiana. Ya kwanza ni mashine kamili inayocheza CD na SACD, yaani diski zinazofanana na CD lakini zenye data nyingi zaidi ya sauti. Ya pili ni transpoti, yaani husoma diski tu na kupeleka namba kwenye kigeuzi cha pembeni, ambacho ndicho kinachozifanya kuwa sauti. Naomba ushauri: ipi itanifaa zaidi Mtwara?

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa uamuzi wa kurudi.

Mimi nilirudi Mikindani kutoka Ujerumani na mashine ya namna hiyohiyo, kwa hiyo haya ninayokuandikia nimeyapitia. Kwa bei unayoitaja, mashine zote mbili zitakupa sauti ya kukuridhisha. Kitakachoamua kama utakuwa unasikiliza diski zako miaka mitano ijayo ni kama leza, yaani jicho la mwanga linalosoma diski, itapatikana ya kubadilishia siku ile iliyomo itakapochoka, na katika hewa yetu ya pwani itachoka. Kabla hujavutiwa na uzito wa chuma na mng'aro wa vifungo, mwombe muuzaji akuandikie namba ya leza iliyomo ndani.

Mashine yangu mimi ilikuwa nzito, ya kifahari, na nilijivunia sana. Mwaka wa pili ikaanza kuruka nyimbo, kisha ikawa kila diski niitiayo inaikataa. Fundi aliifungulia mezani kwangu. Grisi ya kwenye sehemu zinazotembea ilikuwa imeganda kama ulimbo. Mkanda wa raba unaosukuma trei ulikuwa umeyeyuka na kumwachia vidoleni weusi kama lami. Na juu ya lenzi palikuwa na utando mwembamba ambao sikuuona mpaka alipoilaza tochi ubavuni. Grisi na mkanda alivibadilisha siku ileile. Lenzi aliifuta kwa pamba na spiriti, nikasikiliza kwa wiki tatu, kisha mashine ikanyamaza kabisa. Leza yake ilikuwa ile ya zamani ya Philips yenye mkono unaopepea, ambayo haitengenezwi tena, na ya kung'oa kwenye mashine nyingine ilitakiwa kwa fedha nyingi kuliko niliyonunulia mashine nzima. Wakati huohuo, redio ya jirani yangu yenye leza ya Sony KSS-213 ilitengenezwa kwa kipuri kilichotoka Kariakoo, kwa sababu leza hiyo imetumika katika mashine nyingi mno na hadi leo inanakiliwa na kuuzwa.

Kwa hiyo mimi ningeelekea kwenye transpoti. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa sauti, kushoto na kulia, kila moja ikiwa na biti 16, na imewekewa hesabu za kurekebisha makosa zenye uwezo wa kuziba kabisa pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wa data. Mashine yenye afya ikishaisoma diski hiyo, namba zinazotoka ni zilezile, iwe ya bei ndogo au ya bei kubwa. Tabia ya sauti unaikuta zaidi kwenye kigeuzi, amplifaya na spika, na zaidi ya vyote kwenye spika. Ukivitenganisha, kile chenye mota na leza kikifa, unakibadilisha hicho tu, na kigeuzi chako kizuri kinabaki mahali pake.

Hata hivyo, usilipe kabla hujazipanga diski zako na kuzitenga SACD. Waya wa kawaida wa dijitali, uwe wa koaksia au wa mwanga, haupitishi data ya SACD. Transpoti ya CD ikiwekewa SACD yenye tabaka mbili, la SACD na la CD, itasoma tabaka la CD peke yake, na yenye tabaka moja haitaisoma hata kidogo. Huko Japani za tabaka moja zimeuzwa kwa wingi, kwa hiyo kagua kila moja. Zikiwa nyingi na unazipenda, ushauri wangu unageuka: chukua mashine kamili, lakini namba ya leza uipate kwanza.

Waya za bei mbaya ziache. Koaksia ya omu 75 iliyofungwa vizuri inatosha.

Ukifika, usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari, hata kama sebule inapendeza hivyo. Iweke ukuta wa ndani, uifunike kwa kitambaa kikavu inapozimwa, na uiwashe mara kwa mara, hasa masika, ili joto lake dogo lifukuze unyevu.

*

Mdogo wangu, naongezea la umeme tu, nikiwa hapa Lindi.

Geuza mashine usome maandishi ya nyuma. Ya soko la Japani imeandikwa volti 100, nasi tunatumia 230; ukiichomeka moja kwa moja, utanusa transfoma ikiungua kabla hujasikia wimbo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, lakini hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa zinazouzwa huku hushusha hadi 110 au 120 kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Kwa mashine ya 100, hiyo ni ziada ya asilimia 10 hadi 20, na ziada hiyo hugeuka joto saa zote inapokuwa imewashwa. Inunue hukohuko, iliyoandikwa 230 kwenda 100. Osaka mnatumia hezi 60 na sisi 50, kwa hiyo hakikisha mashine na transfoma vyote vimeandikwa 50/60. Kama mashine ina skrubu za kufungia leza chini ya tumbo, zikaze kabla ya kuipakia, kwa maana kutoka Dar es Salaam hadi kwetu mzigo unatikiswa vya kutosha.

*

Nawashukuru sana, kaka na dada.

Nimezipanga jana usiku. SACD ni 31, na zisizo na tabaka la CD ni nne tu. Hizo nne nitamwachia rafiki yangu hapa. Muuzaji aliifungua transpoti mbele yangu na namba ya leza nikaipiga picha: ni KSS-213. Maandishi ya nyuma yanasema volti 100, hezi 50/60, wati 15. Transfoma nitaitafuta Jumamosi.