Peugeot PX-10, Raleigh au Bianchi? Nataka baiskeli ya mashindano ya zamani, nipo Mtwara

Mkaa_Shangani: Wakuu habarini. Hela ya korosho ikiingia nataka baiskeli ya mashindano ya zamani, zile za chuma za miaka ya 70, sio ya kutundika ukutani, ya kupiga asubuhi Shangani mpaka Mikindani na kurudi. Nimebakiwa na hizo tatu hapo juu, Raleigh ni ile yenye rangi za TI-Raleigh, timu ya mashindano ya kiwanda chenyewe. Nishaurini.

Fundi_Mikindani: Kaka, Peugeot tamu sana, bomba za chuma chepesi za Reynolds 531, lakini thredi za Kifaransa zitakutesa, pale ekseli ya pedeli inapoingia kwenye fremu wao ni kipenyo 35mm, thredi kila 1mm, vikombe vya gololi vikiisha unaagiza nje. Raleigh nayo sio zote zinafaa, nyingi za kiwanda cha Nottingham zina thredi 26 kwa inchi, tafuta ya kiwanda cha Worksop, 24 kwa inchi, hapo vikombe vya leo vinaingia.

Dada_Masasi: Mimi Bianchi jamani! Fausto Coppi, yule bingwa Mwitaliano, kashinda nayo Tour de France 1949 na 1952, na enzi hizo kiwanda cha baiskeli ndo kilikuwa kinalipa timu. Halafu watu wakahamia kwenye skuta na magari, viwanda vikaishiwa, mwaka 1954 mwendesha baiskeli Fiorenzo Magni akaleta hela za Nivea, mafuta ya kujipaka, waandaaji wa mashindano wakaja juu kweli ila mlango ulishafunguka, Faema wa mashine za kahawa, Molteni wa soseji, bingwa Mbelgiji Eddy Merckx kawavalia hao wawili wa mwisho.

Mkaa_Shangani: Kumbe! Kwa hiyo Raleigh na Peugeot waliendelea kulipa wenyewe?

Dada_Masasi: Ndiyo, hata kama walichangiwa na wengine. Thévenet kashinda Tour 1975 na 1977 kwa Peugeot, Zoetemelk 1980 kwa Raleigh. Kwangu hiyo ina uzito kuliko rangi, jina lililo kwenye jezi ndo lililotengeneza baiskeli yenyewe.

Babu_Lindi: Mwanangu, mtu wa pwani aangalie kutu kwanza. Chomoa bomba la siti umulike ndani, likigoma kutoka achana nayo. Na ringi ziwe za tairi za kawaida za 700C, zile za kugundisha gundi huku utaipata wapi, na tairi zetu za 28 hazikai kwenye ringi za 700C hata ulazimishe vipi.

Mkaa_Shangani: Shikamoo babu, nimekusoma. Basi Raleigh ya Worksop.

Fundi_Mikindani: Mwambie muuzaji akupigie picha namba ya fremu kabla hujatuma hela, ianze na W, ndo ya Worksop.