Siku moja tu Berlin: nianzie wapi?

Mkazi wa Nkuhungu
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwezi ujao ofisi inanipeleka Ujerumani kwa mafunzo ya wiki mbili, na katika siku zote hizo nitakuwa na nafasi Jumapili moja tu mjini Berlin. Ningependa kuitumia kuona maeneo ya kihistoria. Kwa waliowahi kufika, ni yapi ambayo mtu akiyakosa atajuta, na je, yanafikika kwa miguu?

Dada wa Kisasa
Kaka, anza asubuhi na Reichstag, jengo la Bunge lililofunguliwa mwaka 1894, likaungua mwaka 1933, na ambalo tangu 1999 lina kuba la kioo unalolipanda kwa njia ya kuzunguka. Kuingia ni bure, lakini jiandikishe mapema kwenye tovuti yao na uende na pasipoti. Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791, liko dakika chache tu kutoka hapo. Karibu nalo tazama chini: safu mbili za mawe zilizopangwa katikati ya lami zinaonyesha mahali ulipopita tangu 1961 hadi 1989 Ukuta wa Berlin, uliougawa mji mashariki na magharibi. Niliweka mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi, nikabaki nimesimama kimya.

Mwalimu wa Manyoni
Nakuomba sana, ndugu yangu, kutoka langoni ufuate barabara ya Wilhelmstraße kuelekea kusini hadi namba 92. Hutakuta jumba lolote la zamani, ila kibao cha maelezo, na ndiyo maana wageni wengi hupita bila kusimama. Hapo ndipo yalipokuwa makazi ya Bismarck, Kansela wa Ujerumani, ambamo mataifa ya Ulaya yalikutana kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 26, 1885 kuzungumzia Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani. Kesho yake tu Kaizari alitoa hati ya kuilinda kampuni ya mkoloni Carl Peters katika nchi ilizodai kuwa zake, ikiwemo Usagara, hapo jirani na Mpwapwa. Sisi tuliokua tukiliona boma la Wajerumani kule Kilimatinde hatuwezi kupaona mahali hapo kama pengine popote.

Mjukuu wa Lindi, sasa Dodoma
Namuunga mkono Mwalimu, nami naongeza Makumbusho ya Viumbe Asilia, Invalidenstraße, ambayo hufungwa Jumatatu lakini Jumapili yako wazi. Ndani yake umesimama mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kwetu Lindi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ukifika, tafuta jina lake kabla hujapiga picha.

Mkazi wa Nkuhungu
Nawashukuru nyote. Nimekwisha kujiandikisha Reichstag saa tatu asubuhi, kisha nitashuka Wilhelmstraße, na mchana wote nitauacha kwa ajili ya mjusi wa Tendaguru. Mwalimu, kibao hicho nitakipiga picha nikutumie.