Kaya sita, kiwanja kimoja, bustani moja: maji na zamu tupangeje?

Jiwe la Luchelele

Mwangaluka wakuu. Kaya sita, jumla watu 27, tumenunua kiwanja pamoja Luchelele, hapa Mwanza. Kila kaya ina nyumba yake, katikati ni bustani ya wote, mita 12 kwa 15, na mboga za kila siku zitoke humo. Udongo ni luseni mtupu, yaani kichanga, kuna mteremko, na kuna jiwe kubwa lisiloondoka. Bomba lina mgawo. Bati zote kwa jumla ni mita za mraba 300. Ziwa Viktoria liko chini yetu, umbali wa kama mita 150.

Tunabishana mambo matatu: tenki la ukubwa gani, maji ya ziwa na gugumaji (lile gugu linaloelea ziwani) vinafaa au la, na bustani iwe ya wote kabisa au kila kaya ipewe tuta lake. Vuli inakaribia.

Fundi Mfereji

Mkuu, piga hesabu ya maji kabla ya kununua mbegu. Ukitoa njia na jiwe, unabaki na kama mita za mraba 110 za matuta. Kiangazi, Juni hadi Septemba, mboga za majani kwenye luseni zinataka lita 5 kwa mita ya mraba kila siku. Hizo ni lita 550, yaani ndoo 27 na nusu. Tenki la lita 5,000 linakauka siku ya tisa. Hata mkinunua kubwa zaidi mtachelewesha tu. Dawa ni kupunguza eneo: kiangazi limeni mita 40 tu, ndoo 10 kwa siku, na tenki hilohilo linawapeleka siku 25. Sehemu iliyobaki ipandeni matembele masika kabla hayajakatika, yatambae na kufunika udongo.

Kwenye bati la mita 300, mvua ya milimita 10 ni lita 3,000. Toa moja ya tano inayopotea, inabaki 2,400. Kwa hiyo mvua mbili za kawaida zinakaribia kujaza tenki moja. Wekeni mawili ya 5,000 badala ya moja la 10,000, moja likipasuka msibaki mikono mitupu. Gata, yaani mfereji wa kukingia maji ya bati, iinamishwe sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo maji yanatuama na gata inalemea na kung'oka.

Maji ya kwanza ya mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kila nyumba iwe na bomba la nchi 4 lililosimama, urefu mita 3, limezibwa chini. Linabeba lita 24 hivi, linatosha kwa bati la mita 50. Likijaa ndipo maji safi yanaendelea kwenye tenki. Kwenye kizibo toboa tundu dogo kama msumari ili lijimwage lenyewe. Wengi huweka kizibo kizima, wanasahau kukifungua, mvua ya pili uchafu wote unaingia tenkini. Mdomo wa tenki funga wavu wa mbu.

Jiwe lenu msilichukie. Pigeni ukingo mdogo wa saruji kulizunguka upande wa chini, sentimita 10 kwenda juu, uelekeze maji kwenye shimo au pipa. Jiwe la mita za mraba 30 linafanya kazi ya bati dogo. Ila mchana linashika joto na usiku linalitoa, mchicha ukiwa karibu unanyauka. Acheni mita moja, pandeni maboga yatambae juu yake. Majani mtakula, na jiwe litapoa.

Mama Matembele

Naongeza kwenye ziwa, maana hapa watu wanaumia. Shida ya maji ya ziwa ni kichocho cha tumbo. Mtu anakipata akiingia majini kuchota, na anayemwagilia kwa maji yaliyochotwa sasa hivi naye yanamgusa mikono na miguu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, na haviishi zaidi ya siku mbili bila kupata ngozi ya mtu. Kwa hiyo: pampu na mpira badala ya ndoo, mdomo wa mpira uwe na wavu usivute konokono, maji yakae tenkini saa 48 ndipo yatumike. Anayeshika mpira ziwani avae buti, na asiende kati ya saa 4 na saa 8 mchana, ndio muda vinatoka kwa wingi. Msishawishike kusogeza bustani hadi ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Gugumaji linafaa, lakini ni maji karibu yote. Mlima wa gugumaji unaisha kuwa karai chache za mboji. Likatekate, lianike siku tatu mpaka lilegee, ndipo lichanganywe na samadi. Msichukue lililoota mdomoni mwa mto Mirongo unaokatiza mjini, mmea huu unafyonza madini mazito ya maji machafu na kuyatunza.

Luseni inataka samadi iliyooza vizuri, debe 2 kwa mita ya mraba mara ya kwanza, kisha debe 1 kila mnapopanda upya. Chomeka mkono katikati ya lundo: ukihisi joto au harufu ikikuwasha pua, bado, itaunguza miche. Pumba za mpunga mbichi zinakula rutuba zikioza udongoni. Zichomwe kwa moshi mpaka ziwe nyeusi, zisifike kuwa majivu.

Daftari la Zamu

Nimesoma yote, lakini bustani za aina hii zikifa, mara nyingi ni zamu zilizoziua. Msiandike "kaya ya tatu, Jumanne". Andikeni jina la mtu mzima mmoja. Zamu ya kaya huishia mikononi mwa dada wa kazi, naye hakuwepo kwenye kikao mlipokubaliana. Kaya sita, siku sita, kumwagilia kabla ya saa 2 asubuhi. Siku ya saba msaragambo, wote.

Kuhusu matuta, fanyeni vyote viwili. Kila kaya mita za mraba 8 zake, ipande inachotaka, mnavu, mgagani, bamia. Zilizobaki ni za wote. Sukuma wiki iwe ya wote lakini mchumaji awe mmoja kwa wiki, achume majani ya chini na kuacha sita ya juu. Wakichuma watu sita, kila mmoja kwa wakati wake, shina linabaki fimbo. Mgao ufuate idadi ya vichwa, si kaya, la sivyo nyumba ya watu saba itanung'unika.

Anayekosa zamu alipe kwa zamu mbili. Faini ya pesa inampa mwenye pesa ruhusa ya kutofanya kazi.

Na hati: ombeni umiliki wa pamoja wenye hisa, kila kaya sehemu yake imeandikwa, ili mmoja akifariki sehemu iende kwa warithi wake. Matenki nayo yaandikieni. Gawanyeni gharama kwa miaka 10. Anayehama mwisho wa mwaka wa tatu arudishiwe sehemu saba kati ya kumi za mchango wake.

Jiwe la Luchelele

Asanteni sana. Maji ya kuogea je? Watu 27 kwa ndoo moja ni lita 540 kwa siku.

Fundi Mfereji

Yapelekeni kwenye migomba na mipapai, kamwe si kwenye mchicha. Chimbeni shimo upana mita 2, kina mita 1, mjaze majani na matawi, migomba mitano pembeni, maji yaingie katikati chini ya majani. Kwa watu wenu chimbeni mashimo matatu na muwe mnabadilisha bomba kila wiki. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo yasiingie humo. Maji yakituama juu zaidi ya saa moja, takataka zimeshikana. Zitoeni, ni mboji tayari, mjaze nyingine.