Mada: Mwarobaini, habasoda na vidonge vya kinga msimu huu wa baridi

Kutoka: Mama wa mapacha, Reading

Wapendwa, habari za jioni.

Naomba mnisaidie mawazo. Tangu saa zirudishwe nyuma, mafua hayajatoka nyumbani kwetu. Watoto wanayaleta kutoka nasari, nayapokea mimi, nampa baba yao, na yakimfikia bibi yao ndipo yanapokita. Mama mkwe anakaa nasi. Anameza dawa ya presha na warfarin ya kuzuia damu kuganda, na kila asubuhi anachemsha mwarobaini, tangawizi na kitunguu saumu, anakunywa, halafu anataka wajukuu nao wanywe. Kumkatalia mama waziwazi siwezi. Hizo ndizo dawa alizomkuzia mume wangu.

Huku madukani nako naona chupa zimepangwa, kila moja inasema inaongeza kinga: zinki, vitamini C, echinacea (ule mmea wa maua wa dawa za mafua), manjano. Bei zake si za mchezo. Nataka kujua kipi kina maana na kipi ni hela ya bure. Halafu kuna shemeji anakuja kutoka Dar mwezi ujao, anauliza atuletee nini.

*

Kutoka: Mzee wa Leicester

Mwanangu, pole na wagonjwa.

Mama mkwe wako yuko sahihi, usimkatishe tamaa. Sisi tumekua na mwarobaini, na mchaichai na karafuu vilikuwa ndani kabla hatujajua famasi ni nini. Wakati wa korona nchi nzima ilijifukiza. Februari 2021 Waziri wa Afya wa Tanzania wakati huo, Dk. Dorothy Gwajima, alisimama mbele ya kamera akaonyesha namna ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili, na namna ya kujifukiza. Serikali ilikuwa inazungumza na watu kwa vitu walivyonavyo jikoni.

Mimi mafua yakinijia naweka sufuria ya mvuke mezani, majani ya mkaratusi ndani, nafunika kichwa kwa blanketi. Pua inafunguka na usiku nalala. Wajukuu zangu wakija nawaweka pembeni yangu chini ya blanketi lile lile.

*

Kutoka: Binti wa Unguja, Maskati

Asalaam aleikum. Huku Oman baridi yetu si kama yenu, lakini viyoyozi vinatutia mafua mwaka mzima. Sie hutumia habasoda na asali, kijiko asubuhi. Bibi alikuwa akitutilia na ndimu. Mwanangu wa miezi minane pia nampaka asali kidogo ulimini akikohoa. Nangojea kusikia wataalamu mnasemaje.

*

Kutoka: Dada mfamasia, Leeds

Shikamoo mzee. Waaleikum salaam dada wa Maskati. Pole sana mama wa mapacha.

Dada wa Maskati, nakuanza wewe kwa sababu lako halingoji: asali usimpe mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, hata tone la ulimini. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Zinaota ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua. Kuchanganya na maji moto hakuziui. Akishavuka mwaka, asali na ndimu ni dawa nzuri ya kikohozi na hata miongozo ya Uingereza inaipendekeza kabla ya kufikiria antibayotiki. Habasoda ya kijiko kwa mtu mzima mwenye afya sina ugomvi nayo. Mwenye dawa za kisukari au presha aseme kwa daktari, maana inaweza kushusha vyote viwili.

Sasa mama mkwe. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote, maana mchaichai hauna neno lakini warfarin ina maneno mengi. Dozi yake hupimwa kwa damu, na vitu vingi huisogeza. Kitunguu saumu na tangawizi kwa kiasi cha kuungia mboga havina shida. Vikichemshwa vingi na kunywewa kila siku, au vikimezwa kama kapsuli, vinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Mboga za majani zina vitamini K, na hiyo huvuta upande wa pili, kuifanya dawa iwe dhaifu. Kwa hiyo mtu wa warfarin hatakiwi kuacha mchicha wala kuanza ghafla kumeza unga wa mlonge vijiko kwa vijiko. Anatakiwa ale kwa kiwango kile kile wiki hadi wiki. Na asiache ghafla hicho anachokunywa kila asubuhi bila kliniki kujua, kwani dozi yake ya sasa huenda imepimwa akiwa tayari anakunywa.

Usimkataze, mama wa mapacha. Mpeleke kliniki ya warfarin na ile sufuria yake, kwa maana ya kuwaandikia kila kinachoingia humo na kiasi gani. Mwambie unamsindikiza ili dawa zake zote zijulikane, zikiwemo za kwake mwenyewe. Wazee wengi wetu hawazitaji hizi wanapoulizwa wanameza nini, kwa sababu kwao hivyo ni vyakula, na daktari naye haulizi.

Watoto na mwarobaini: hapana. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na madhara ya ubongo. Chai ya majani si mafuta, nakubali, lakini sioni faida itakayonifanya nijaribu kwa mtoto wa nasari. Mjamzito pia auache. Bibi akitaka kuwatibu wajukuu waliovuka mwaka, awape maji ya uvuguvugu ya asali na limau. Atafurahi na watafurahi.

Mzee wangu, kuhusu mvuke naomba nikupinge kwa heshima zote. Pua inafunguka, ni kweli, na kwa mtu mzima anayekaa mbali na sufuria sina neno. Virusi haviuawi na mvuke tunaoweza kuuvumilia, vimeshaingia ndani ya seli. Kwa watoto tatizo ni maji yenyewe. Mwaka 2020 madaktari wa majeraha ya moto katika hospitali ya watoto ya Birmingham waliandika kwamba watoto walioungua kwa kujifukiza wameongezeka mara 30 kuliko kawaida. Mtoto anashtuka chini ya blanketi, anavuta meza, sufuria inamwagikia mapajani. Wajukuu wasikae chini ya blanketi hilo, tafadhali. Bafu lenye mvuke wa maji ya kuoga linatosha.

Kuhusu zile chupa, kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua vitamini D. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la Uingereza liko chini mno, na miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D haitufikii. Leeds iko zaidi ya nyuzi 53 kaskazini, Dar iko karibu nyuzi 7 kusini. Ngozi yetu iliumbwa kwa jua la Dar, na anayejisitiri mwili mzima anapata kidogo zaidi. Ndiyo maana ushauri wa serikali hapa ni mikrogramu 10 kwa siku, sawa na uniti 400, kila mtu majira ya baridi, na watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wapewe mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Mtu mzima asivuke mikrogramu 100 kwa siku. Nimeona mtu anameza za uniti 20,000 kila siku kwa sababu rafiki yake alipewa na daktari kwa wiki, na hiyo hupandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo.

Je, inazuia mafua? Tafiti za mwanzo zilipojumlishwa zilionyesha kinga ndogo, za karibuni zimeipunguza mpaka haionekani vizuri. Mimi nawapa wanangu kwa ajili ya mifupa na misuli. Matege tuliyodhani tumeyaacha kwenye vitabu yanaonekana hapa kwa watoto wetu, na akina mama wengi wanaolalamika miguu na mgongo kuuma wakipimwa hukutwa wamepungukiwa.

Vitamini C kila siku haizuii mafua kwa mtu wa kawaida. Wanaoimeza mfululizo hupona mapema kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na 14 kwa watoto, yaani mafua ya wiki nzima yanapungua nusu siku na kitu kwa mtu mzima, karibu siku moja kwa mtoto. Ukianza siku ya kuugua, haionyeshi faida ya kutegemewa. Chungwa na pera vinatosha. Zinki ya kumung'unya, tafiti zinapingana, na ukivuka miligramu 25 kwa siku kwa muda mrefu unapungukiwa shaba na damu. Ya kupuliza puani usiiguse, imewapotezea watu uwezo wa kunusa. Echinacea nayo matokeo yake hayaelewani. Ukinunua dawa ya mitishamba hapa, tafuta alama ya THR kwenye pakiti. Maana yake ubora na usalama wake umekaguliwa. Haimaanishi kwamba imethibitishwa kutibu.

Manjano ya mchuzi endeleeni nayo. Kapsuli za manjano zilizokolezwa na kuongezwa pilipili manga ndizo zinazonitisha, kwa sababu pilipili manga hufanya mwili uinyonye mara nyingi zaidi, na wapo walioumia ini. Ukiona mkojo wa rangi ya Coca-Cola na macho ya njano, acha siku hiyo hiyo uende hospitali.

*

Kutoka: Kaka muuguzi, Coventry

Asante dada, umegusa mengi. Naongeza yale ninayoyaona wodini.

La kwanza ni dawa za VVU. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha ARV, dawa zao za VVU. Hapa Ulaya hawaachi, wanachanganya. Kapsuli za kitunguu saumu zilipojaribiwa pamoja na saquinavir, moja ya dawa za zamani za VVU, kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka karibu nusu. Ule mmea unaouzwa kwa huzuni, St John's wort, unashusha dawa nyingi za VVU na hata vidonge vya uzazi wa mpango. Duka halitakuuliza unatumia nini. Sema mwenyewe kwa mfamasia, mlangoni mwa chumba chake cha faragha kama hutaki kusikika.

La pili, homa ya ini aina ya B ni ya kawaida kwetu Afrika Mashariki na wengi hawajui kama wanayo. Omba kipimo kwa GP, yaani daktari wako wa mtaa, kabla hujaanza kunywa mchanganyiko wowote wa "kusafisha ini".

La tatu ni chanjo, kwa sababu hiyo ndiyo inayofundisha kinga yenyewe. Ya homa ya mafua ni bure kwa wenye miaka 65 na zaidi, wajawazito, wenye kisukari na pumu kali, na watoto wengi. Najua Waislamu wengi wanakataa ile ya watoto ya kupuliza puani kwa sababu ina jelatini ya nguruwe. Ipo ya sindano isiyo na jelatini, iombeni kwa jina hilo shuleni au kwa GP, msikae kimya mkaikosa kabisa. Kapsuli za vitamini D nazo mara nyingi ni jelatini, soma nyuma ya chupa au chukua ya matone. Tangu Septemba 2024 wajawazito kuanzia wiki ya 28 na wenye miaka 75 hadi 79 walianza kupata pia chanjo ya RSV, kile kirusi kinachobana vifua vya vichanga.

*

Kutoka: Mzee wa Leicester

Marahaba binti yangu. La watoto na sufuria nimelisikia, na nimempigia mama yao. Ya kwangu nitaendelea nayo, mbali na meza.

*

Kutoka: Mama wa mapacha, Reading

Asanteni sana. Kliniki ya mama tunayo Alhamisi, tumeshaandika orodha pamoja na ameitaja na dawa ya mizizi ambayo mimi sikuijua. Shemeji je, alete nini?

*

Kutoka: Dada mfamasia, Leeds

Hiyo mizizi ipigie kliniki simu kesho, msingoje Alhamisi.

Shemeji alete asali ya Tabora, inaruhusiwa hadi kilo 2 kwa mtu. Iliki, karafuu na mdalasini vikavu vilivyofungwa vizuri vinapita. Majani mabichi ya mwarobaini au mchaichai yanadai cheti cha afya ya mimea, bila hicho yanachukuliwa uwanjani. Nyama na maziwa asiweke kabisa. Na dawa za unga zisizo na jina wala orodha ya vilivyomo aziache Dar, hata kama aliyezitoa ni mtu wa kuaminika.

Vitamini D ya watoto ulizia mhudumu wa afya wa watoto wa eneo lako kama mnastahili ya bure, familia zenye kipato kidogo hupewa.