Oili ya IST: nimeshapima nyumbani, sasa nataka maabara. Nani ameshapeleka?

Sirinji_Mbezi

Wakuu, heshima kwenu.

Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE, ya kutoka Japani, nipo nayo mwaka wa nne sasa. Asubuhi Mbezi Luis kwenda Posta, jioni kurudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya hii injini inaishia Kimara na Ubungo, imesimama huku inaunguruma. Mwisho wa mwaka tunapanda Njombe kupitia mlima Kitonga, na familia na mizigo.

Swali ni moja ila lina historia yake, mnivumilie.

Mimi ni mgonjwa wa oili. Wenzangu wanahangaika na rimu na redio, mimi nikiingia duka la spea nageuza galoni nasoma mgongoni kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Kitabu cha gari kinataka 5W-30 (namba ya kwanza, yenye W, ni oili ikiwa baridi, ya pili ni ikiwa moto; namba ikipanda oili ni nzito zaidi). Herufi za API, yaani daraja la ubora la taasisi ya petroli ya Marekani, nataka SN, iliyoanza 2010, au SP ya 2020. Nikikuta galoni limechorwa gari la mashindano kwa mbele halafu nyuma limeandikwa SF, nalirudisha rafuni kimya kimya. SF ni kiwango cha magari ya miaka ya themanini, IST ilikuwa haijafikiriwa hata kuchorwa.

Sasa fundi wangu, ambaye kwa breki na saspenshi simbadilishi na mtu, kila servisi wimbo ni ule ule: "Bosi, hiyo oili yako maji. Dar joto, weka 20W-50 injini itulie." Na kweli ukiweka nzito mlio unapungua kidogo. Ila mlio kupungua ni jambo moja, injini kupata oili ni jambo jingine.

Nikaamua kupima. Nilienda duka la dawa nikachukua sirinji kubwa kadhaa, nikatoa sindano na kile kijiti cha kusukumia. Unaziba tundu kwa kidole, unajaza mpaka mstari wa ml 20, unaachia huku simu inahesabu sekunde. Nilifanya alfajiri sebuleni, feni imezimwa. 20W-50 ilichukua karibu mara tatu ya muda wa 5W-30. Sikushangaa, maana karatasi za watengenezaji zinasema hivyo hivyo: kwenye nyuzi 40, 5W-30 nyingi zipo sentistoksi (kipimo cha uzito wa oili kutiririka) 60 hadi 70, wakati 20W-50 zinaanzia 150 na kwenda juu. Nikachovya chupa zote mbili kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nikarudia. Pengo likapungua ila halikuisha.

Kwa hiyo hoja ya "Dar joto" mimi inanipiga chenga. Injini ikishapata moto, thamostati inashikilia maji ya rejeta kwenye nyuzi themanini na kitu, uwe Kariakoo au Makete. Tofauti ya hali ya hewa naiona zaidi asubuhi unapowasha, na hapo ndipo 20W-50 inajivuta. Na hii injini ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, unaotegemea presha ya oili kupita kwenye vijinjia vyembamba na kichujio kidogo sana.

(Nilijaribu na friza pia. Mama Junior alipokuta sirinji ya oili imelala juu ya kibua, utafiti wa friza ulifungwa rasmi.)

Kipimo changu cha tatu ni karatasi. Nachukua karatasi nyeupe ya kuchujia kahawa, naitandaza juu ya mdomo wa kikombe ili katikati isiguse kitu, nadondosha tone moja kutoka kwenye kijiti cha oili, naiacha usiku kucha. Oili iliyochoka inaacha doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, masizi yamekataa kusambaa. Iliyo hai inasambaza kijivu taratibu mpaka nje. Petroli ikiwa imeingia, unaona duara jepesi pembeni kabisa. Maji yanafanya ukingo uwe na meno meno. Yangu kwenye kilomita 5,000 ilikuwa imesambaa vizuri, kijivu mpaka nje, hakuna ukingo.

Toyota kule kwao Japani kwa petroli isiyo na tabo wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa mazingira magumu wanagawa kwa mbili: 7,500 au miezi sita. Mazingira magumu kwao ni vumbi, milima, safari fupi fupi na mwendo wa kusuasua. Hiyo ni Morogoro Road yote. Hapa kwetu kibandiko kinasema 5,000, na wapo wanaomwaga kwenye 3,000.

Swali: kuna mtu hapa ameshapeleka oili ya gari yake binafsi maabara? Itaniambia nini ambacho karatasi yangu hainiambii, na naweza kwenda 7,500 bila wasiwasi?

---

Fundi_Tegeta

Mkuu nimesoma yote, mpaka ya kibua.

Mimi ni fundi na 20W-50 nimeweka kwenye IST nyingi tu, ngoja nimtetee mwenzangu. Kwanza nikubali, sababu ya "Dar joto" ni ya kumridhisha mteja. Sababu yenyewe ni ringi za pistoni kuchakaa. IST zinazoingia gereji kwangu nyingi zimeshatembea vya kutosha, zinakula oili. Hii injini inabeba lita 3.7 pamoja na filta. Ikipoteza lita moja na nusu kabla ya servisi, mteja hajui, kijiti hajakivuta tangu anunue gari, anasubiri taa iwake. Taa ile ni ya presha. Ikiwaka, umeshachelewa. Nikimwekea nzito inapungua polepole, angalau anafika servisi nyingine injini haijanoki. Mteja wa namna yako, anayedondosha matone kwenye karatasi, sipati hata mmoja kwa mwezi.

Pili, kilomita 7,500 kwenye kibandiko kwa mteja wa kawaida maana yake ni 11,000. Tunaandika 5,000 tukijua atakuja kwenye 7,000. Siyo kwamba hatujui kusoma vitabu.

Ukitaka kujua hali ya injini bila maabara, fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika kwa tochi. Ukiona chuma kina rangi ya asali, endelea na mambo yako. Ukiona tope jeusi limeganda, achana na karatasi za kahawa, hiyo kofia ya juu ifunguliwe.

La tatu ni dogo ila linanikera: galoni tupu msiache gereji. Tena ukiondoka nalo, litoboe. Kuna watu wanazunguka kununua magaloni matupu yenye nembo nzuri, na hawanunui ya kuchotea maji.

---

Mama_Probox

Salamu kutoka Mombasa. Probox yangu ni injini hiyo hiyo 1NZ, inabeba mizigo Mtwapa, Kilifi, Malindi, kurudi. Jua, chumvi, mzigo. Kwa muda mrefu nilitumia 5W-30, gari ilipoanza kuomba oili katikati ya servisi makanika akanihamisha 10W-40. Si 20W-50, na wala hatukugombana. Uzito umepanda ngazi moja, asubuhi inawaka bila kulalamika, na kuongeza oili kumepungua sana. Kwa nini nyinyi Dar mnaruka kutoka 30 hadi 50 kana kwamba 40 haiko dukani?

Kuhusu feki, huku tunaangalia kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, namba yake unaituma kwa ujumbe mfupi unaletewa jibu. Ila mimi zaidi naangalia duka. Bei ikiwa tamu kupita kiasi naondoka.

---

Sirinji_Mbezi

Fundi, hoja ya ringi naikubali mia kwa mia, laiti na huyu wangu angeniambia hivyo. Yangu haili, kijiti navuta kila Jumapili kabla ya kuwasha, inashuka kidogo tu mpaka servisi.

Mama Probox, 10W-40 umenipa la kufikiria kwa ajili ya Kitonga. Kuhusu feki, kuna kijana dukani aliniambia nipime galoni kwenye mizani, eti feki ni nyepesi. Oili zote za injini zipo karibu gramu 850 hadi 880 kwa lita, iwe mpya, iwe chafu iliyochujwa. Mizani itakupa uhakika kwamba galoni limejaa, basi.

---

Mtambo_Geita

Mkuu Sirinji, nipo matengenezo ya mitambo mgodini, oili kupelekwa maabara kwetu ni kazi ya kila wiki. Malori yale makubwa hatumwagi oili kwa kuangalia kalenda peke yake.

Karatasi yako ni kipimo halali kabisa, cha zamani na kinaheshimika. Inakuambia masizi, inakuambia kama viungo vya kusafisha bado vina nguvu, inagusia petroli na maji. Haikuambii mambo mawili: chuma na asidi.

Maabara wanaunguza sampuli kwenye mashine inayosoma kila elementi kwa sehemu kwa milioni. Chuma kikipanda, silinda au kamshafti inalika. Risasi na shaba zikipanda pamoja, waza bearingi. Sodiamu au potasiamu, maji ya rejeta yameingia. Na iliyo muhimu kuliko zote kwa nchi yetu ni silikoni, maana silikoni ni vumbi. Nimeona injini nzuri, oili ya bei, silikoni iko juu, kwenda kuangalia ni mpira wa bomba la hewa baada ya filta umepasuka ufa mdogo. Injini inavuta mchanga kila siku na tone kwenye karatasi linatoka zuri tu. Angalizo moja: injini ikiwa imefunguliwa karibuni na ikapakwa gundi ya silikoni badala ya gasketi, namba hiyo inapanda bila vumbi.

Pili ni akiba ya kupambana na asidi, wanaiita TBN. Mafuta yenye salfa yakiungua yanatengeneza asidi, oili inaikata mpaka akiba iishe. Hapa ndipo ilipotoka hiyo 3,000 ya wazee, hasa kwenye dizeli. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi mno. Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini kibandiko cha gereji kilibaki pale pale.

Sasa nikupinge kidogo. Thamostati inashika joto la maji, haishiki joto la oili. Kitonga ukiwa gia ya pili na mzigo, oili inaenda juu ya maji kwa nyuzi nyingi tu, na inakonda. Kwenye foleni nako petroli kidogo inajipenyeza, inaikondesha tena. Kwa hiyo 5W-30 yako nzuri ya asubuhi ya leo siyo 30 ile ile kwenye kilomita 7,000. Rudia sirinji kwa oili unayoimwaga, joto lile lile, ulinganishe na mpya ya galoni hilo hilo. Ikikimbia wazi kuliko mpya, usisogeze kilomita hata kama karatasi inapendeza. Kwa gari isiyokula oili, 5W-30 yenye SP inatosha kabisa. Ukitaka amani ya mlima, 5W-40, na asubuhi hujapoteza sana.

Maabara: waulize wauzaji wa mitambo mizito au kampuni zinazouza oili kwa jumla, wana chupa za sampuli na utaratibu wa kupeleka. Usichote kutoka chini ya beseni la fundi, utawapelekea historia ya magari yote ya gereji. Injini iwe ya moto, futa nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na eneo lote, acha ya mwanzo imwagike, kinga katikati ya mtiririko. Andika kilomita za gari, kilomita za oili, na ulichoongeza juu.

Na ripoti moja haitoshi, inataka ya pili uone mwelekeo. Tena mashine ile inaona vipande vidogo sana tu, vya chini ya maikroni kama tano hadi nane. Kipande cha bearingi kinachoonekana kwa macho, mashine inakipita. Kwa hilo, pasua filta. Kata kopo kwa kikatio cha bomba, kile cha gurudumu, siyo msumeno wala diski, maana hivyo vinamwaga unga wa chuma humo humo. Tandaza karatasi ya ndani kwenye mwanga, pitisha sumaku.

---

Sirinji_Mbezi

Mtambo, ubarikiwe. Silikoni sikuwahi kuiwaza, na mpira wa bomba la hewa kwenye yangu ni ule ule wa Japani. Nauangalia leo kabla giza halijaingia.

Basi nafanya hivi: servisi hii namwaga kwenye 5,000 kama kawaida, nakinga sampuli, sirinji ya iliyomwagwa na ya mpya pamoja. Inayofuata naenda 6,500 nakinga tena, zikilingana ndipo tuzungumze habari ya 7,500. Nitaweka namba zote hapa. Fundi Tegeta, una kikatio cha kukatia filta?

---

Fundi_Tegeta

Kikatio kipo, na vaisi ya kubania ipo. Njoo Jumamosi saa mbili, ukichelewa utakuta foleni ya bajaji. Na 5W-30 yako njoo nayo, kwa mtu anayevuta kijiti kila Jumapili sina ugomvi nayo. Sirinji njoo nazo pia, nina galoni mbili hapa za msambazaji mpya zinanitia mashaka.