Triremi ya Kigiriki kwa mchezo wa vita wa mezani: nichukue ipi?

Nahodha_wa_Meza
Wakuu, habari zenu. Naandaa pambano la Salamis (480 KK), vita vya baharini vya Wagiriki na Waajemi. Askari nilio nao ni wa skeli 1/72, meza ni sm 180 kwa 120. Nataka meli inayobeba askari sitahani, lakini pia izunguke na kugonga wenzake, isiwe pambo la kabatini. Nimeona triremi (meli ya vita ya safu tatu za makasia) ya kampuni ya Zvezda ya 1/72, na meli kadhaa za Kirumi za bei nafuu. Ya Kirumi inageuzika kuwa ya Kigiriki? Na nichukue ngapi?

MkukuNaOmo
Mkuu, piga hesabu kabla hujatoa hela. Olympias, ile triremi iliyojengwa upya Ugiriki kati ya 1985 na 1987, ina urefu wa m 36.9 na upana wa m 5.5. Gawanya kwa 72 unapata sm 51 kwa 7.6. Hapo makasia bado. Yakitandazwa, kila meli inakula karibu sm 15 za upana. Kwa meza yako, meli nne zinacheza vizuri, sita zinabanana.

Ya Kirumi achana nayo. Nyingi zina mnara sitahani, au lile daraja la kuangushia kwenye meli ya adui, ambalo Warumi walilitumia kwenye vita vya Mylae mwaka 260 KK, miaka 220 baada ya Salamis. Mnara unang'oka kirahisi. Shida ni ubavu. Triremi ina makasia 85 kila upande: 31 juu, 27 katikati, 27 chini, na yale ya juu yanapita kwenye fremu iliyotokeza nje ya ubavu. Watengenezaji wengi hupunguza idadi, na mchezoni haidhuru. Lakini kama fremu hiyo haipo, au safu si tatu, rudisha sanduku.

Angalia na pembe ya shaba ya omoni (mbele ya meli), ile ya kugongea, maana wengi huikuza kupita kiasi. Ile ya Athlit iliyopatikana 1980 pwani ya Israeli ina m 2.26 na kilo 465, nayo ni ya karne ya 2 KK. Kwa 1/72 hiyo ni sm 3 tu.

Fundi Msasa
Naongezea upande wa kazi. Modeli ya sanduku huja na tumbo zima hadi mkukuni (uti wa chini wa meli), na hiyo haikai mezani. Triremi ilizama maji kama m 1.2, kwa hiyo kata sm 1.7 kutoka chini. Funga penseli juu ya kibao cha kimo hicho, uizungushe kuzunguka meli huku meli imelala sawa. Kata kwa kisu, pitisha polepole mara nyingi. Mashine ya kukata inayozunguka inayeyusha plastiki na mstari unapinda. Pembe ya omoni iache pembeni, uigundishe mwisho, kwa sababu inakaa pale pale usawa wa maji na ukikata nayo unaondoka na nusu yake. Ziba chini kwa karatasi ya plastiki ya mm 2.

Makasia ndiyo yanayoua modeli hizi. Ukigundisha moja moja kwenye tundu, mgongano wa kwanza tu yanakatika shingoni. Panga kila ubavu juu ya ukanda mmoja wa plastiki, ukitumia kipande cha kadi kilichokatwa mteremko ili yote yalale pembe moja, kisha shikiza ukanda kwa sumaku mbili za mm 3. Meli ikikwanguliwa makasia na adui, unang'oa ukanda mzima: kanuni ya mchezo hiyo, na hakuna kilichovunjika.

Mlingoti na tanga usiviweke. Matanga makubwa yaliachwa nchi kavu kabla ya vita, na mkono wa mchezaji unavikwaa tu.

Safu_Tatu
Mimi napingana kidogo na wote. Salamis kwa 1/72 ni ugomvi wa meli nne. Herodoto anahesabu triremi 378 upande wa Wagiriki. Modeli moja ikisimamia 20, unahitaji 19. Hapo ni modeli za kampuni ya Xyston za 1/600, sm 6 kila moja, juu ya kibao cha sm 7 kwa 2.5, au za Langton za 1/1200, sm 3. Kwa ukubwa huo ndipo unaweza kupenya safu ya adui, ukageuka na kumgonga tezini (nyuma). Kwa 1/72 ukishapenya umefika ukingo wa meza.

Nahodha_wa_Meza
Nimewaelewa. Nitabaki 1/72 kwa mapambano ya sitahani. Sasa upande wa Waajemi nifanyeje?

MkukuNaOmo
Sanduku lile lile. Wagiriki wa Ionia walipigana upande wa Xerxes, mfalme wa Waajemi, na triremi zao, kwa hiyo badili rangi tu. Tofauti iweke sitahani: ya Athens ina hopliti (askari wa mkuki na ngao) 10 na wapiga upinde 4, na sitaha haikufunikwa yote wakati huo, acha uwazi katikati. Ya Xerxes, juu ya wale wake wa kawaida, ongeza 30, Waajemi, Wamedi na Wasaka. Askari wa plastiki laini waoshe kwa sabuni na uwapake gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya rangi, la sivyo inabanduka kwenye mikuki.