Naomba ushauri: kituo kinamkabidhi mtoto kwa yeyote anayekuja

Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka mitatu, yuko kituo cha kulelea watoto huku Mbagala. Walimu wanampenda, chakula hakina shida, ada naimudu. Tatizo ni saa ya kuondoka. Juzi nilibanwa kazini, nikamtuma dereva wa bajaji ambaye pale hawajawahi kumwona. Alisema tu "nimetumwa na mama yake", akapewa mtoto na begi. Hakuna daftari la kusaini, hakuna aliyenipigia. Halafu chooni kuna ndoo kubwa ya maji isiyo na mfuniko, na mtoto mdogo huzama hata kwenye maji machache.

Nimemweleza mwenye kituo, akacheka: "Dada, huku tunajuana wote." Hapo ndipo ninapoogopa, maana wanaodhuru watoto mara nyingi ni haohao tunaowajua.

Najua Ustawi wa Jamii ndio wanaosajili vituo hivi, na namba 116 ya watoto ni bure. Ila sitaki kifungwe, wengi tunakitegemea. Nikusanye wazazi kwanza tudai daftari na mfuniko, au niende moja kwa moja kwa afisa ustawi? Mliopitia hili, mlifanyaje?